Mstari Usioshuka

Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, Filimbi alisimama wima kando ya cherehani ya mama yake, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, kisha akapuliza kwa nguvu zake zote ndani ya bomba fupi la plastiki. Kishale chekundu kilikimbia juu ya namba na kusimama. Alipuliza mara tatu, akaandika namba kubwa kuliko zote kwenye daftari. Jioni alirudia. Jina lile alibandikwa na kaka zake, kwa sababu pumu ilipombana, kifua chake kilipiga mluzi ukasikika hadi chumba cha pili.

Bomba hilo alipewa na mtafiti, daktari wa kike mwenye miwani mizito, aliyekuwa akichunguza pumu ya watoto mtaani kwao. Watoto sitini walipuliza kila siku kwa miezi minne. Mtafiti aliwaomba jambo moja tu: waandike namba kama ilivyo, na wakisahau waache nafasi tupu.

Wiki ya kwanza ya utafiti shule ilitangaza mashindano ya mbio ya mwezi wa tatu. Mama, fundi cherehani asiye na mzaha, alisema kwamba namba ikishuka chini ya mia mbili na hamsini, hakuna kukimbia. Basi kila kishale kilipogoma kupanda, Filimbi aliandika mia tatu. Mara ya kwanza aligeuka kuangalia kama mama anamwona. Mara ya sita hakugeuka. Siku ya mbio aliishia nusu ya njia, ameketi chini, mwalimu akimshikia pampu ya dawa mdomoni. Aliwaambia watu wote kuwa ni vumbi la uwanja.

Wiki moja baadaye mtafiti, aliyekuwa akizikusanya namba za watoto kila wiki, alikuja nyumbani na kompyuta yake. Filimbi alimwamkia, akavuta kigoda karibu. Kwenye kioo kulikuwa na mistari ya rangi mbalimbali, kila mtoto na wake. Ilipanda na kushuka pamoja, kama kundi la ndege linavyogeuka angani. Kila Jumanne na Ijumaa ilizama. Mtafiti alieleza kwamba siku hizo karakana ya samani iliyo nyuma ya nyumba zao huchoma maranda ya mbao.

Mstari mmoja tu haukushuka. Ulikwenda sawasawa kana kwamba umepigwa kwa rula.

"Huu ni wako," alisema mtafiti. "Unaniumiza kichwa. Nyumba yenu ndiyo iliyo karibu zaidi na karakana, na wewe ndiye usiyeguswa na moshi. Labda nimekosea. Labda si moshi."

Filimbi aliitazama ile mingine hamsini na tisa. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na mtoto aliyesimama mahali fulani, akapuliza mpaka macho yakamtoka. Hakuwahi kujua kwamba pumzi ya mtu inaweza kuonekana, wala kwamba namba aliyoiandika yeye kwa penseli ingemfanya daktari mzima aitilie shaka kazi yake.

"Daktari, huo si wa kweli," alisema. "Niliandika uongo ili niruhusiwe kukimbia."

Cherehani ilinyamaza. Mama alibaki ameinama juu ya kitambaa. Mtafiti hakufoka. Alimwomba amwoneshe siku zote za uongo, na karibu zote zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Alipomuuliza namba za kweli, Filimbi hakuzikumbuka. Basi zile za uongo zikafutwa, mstari ukabaki na matundu. Mtafiti alimweleza kwamba tundu halimdanganyi mtu, ila kwa kuziamini namba zile za uongo daktari angeweza kumpunguzia dawa mtoto anayekosa hewa. Wiki zilizobaki Filimbi aliandika kweli tupu, hata siku kishale kiliposimama kwenye mia na tisini.

Mwaka uliofuata mtafiti alirudi na jarida lenye utafiti wake. Mwenye karakana alikwishapelekewa matokeo, akaacha kuchoma. Sasa wafugaji wa kuku walikuja kuyabeba maranda kwa magunia. Filimbi alikuwa amemaliza miezi mitano bila kubanwa.

Alinawa mikono kabla ya kulishika jarida. Alipoiona ile picha ya mistari, aliuliza kwa sauti ndogo yeye yuko wapi. Mtafiti alijibu kwamba majina ya watoto hayaandikwi, lakini yumo.

Mama alipitisha kidole juu ya ukurasa polepole, kama anayekagua mshono.

"Mwanangu," alisema, "watakaolisoma hili wako mbali. Hawatakujua, wala hawatakushukuru. Lakini watawatibu watoto wao kwa kuamini ulichokiandika wewe. Ndiyo maana mtu husema kweli hata pale ambapo jina lake halimo."