Meza Zilizoziba Mlango

"Chukua pete yako, Gideoni. Nimepata mtu mwingine."

Gideoni aliacha kupiga randa. Ilikuwa mchana, karakanani kwake Chang'ombe, Dodoma. Loisi, mchumba wake, alikuwa mbunifu wa mapambo ya ndani. Jana yake alirudi kutoka Pangani, alikokuwa anapamba mgahawa wa hoteli ya kifahari unaotazama bahari.

"Anaitwa nani?"

Loisi aliiweka pete juu ya ubao uliokuwa unarandwa.

"Nimekuuliza jina, Loisi."

"La nini? Niache niende."

Akageuka haraka, akajigonga paja kwenye meza ya mninga iliyokuwa kando yake, meza ya watu wanane. Simu ikamdondoka. Gideoni alipoiokota, ujumbe ulikuwa unaingia kutoka kwa Asma, msimamizi wa kazi kule Pangani:

"Dada, meza ulizopanga zimeziba mlango wa jikoni. Bosi anauliza, hukuuona?"

Gideoni aliusoma kwa sauti. Kisha akaitazama ile meza.

"Hukuuona?"

Loisi alikaa chini kwenye maranda, akalia kama aliyefiwa.

"Nina presha ya macho. Naona mbele tu, pembeni kumekufa. Daktari anasema kilichopotea hakirudi. Hakuna mwanaume mwingine, Gide. Sitaki uoe mtu wa kushikwa mkono."

"Ningekuwa mimi ndiye ninayepofuka, ungeniacha?"

"Nisingekuacha."

"Sasa mbona mimi unaniamulia?"

Gideoni alikaa naye palepale chini mpaka kilio kikakata. Ndipo Loisi akampigia bosi wake, mzee Hashimu.

"Shikamoo mzee. Mlango sikuuona kwa sababu naumwa macho. Ukinitoa kwenye kazi nitaelewa."



"Marahaba. Ungesema mapema, mwanangu. Njoo na mtu wa kukuangalizia pembeni. Mlango wa jikoni uachiwe nafasi kwanza."

Gideoni akafunga karakana, wakaondoka pamoja kwenda Pangani.

Ndoa waliifunga Mpwapwa, kanisani kwa kina Gideoni, kabla hoteli haijafunguliwa. Siku ya ufunguzi wageni walijaa mgahawani, wahudumu wakipita na sahani bila kugongana. Loisi alisimama akitazama nje kupitia dirisha kubwa la kioo.

"Unaona nini?" Gideoni aliuliza.

"Bahari. Kipande tu."

"Na mimi?"

"Hapo ulipo sikuoni. Njoo mbele."

Gideoni alikwenda akasimama mbele yake, akaiziba bahari yote.