Kolido ya Kwenda Kula

Siku ndugu yangu Walter aliponiletea ramani ya hosteli, nilikuwa kwa kibanda changu cha mitumba hapa Awendo, nabishana na mama mmoja juu ya sketi. Lori za miwa zilikuwa zinapita na vumbi lao kama kawaida. Walter akasukuma blauzi zangu kando bila hata kubisha hodi, akatandaza karatasi kubwa mezani, akaweka viatu vya watoto kwenye pembe zake isijikunje.

"Nyaminwa, angalia hii," akasema. Nyaminwa kwetu ni dada yangu.

Nilimwambia akichafua blauzi hata moja atazinunua zote, lakini niliangalia. Tulizaliwa wawili tu, na wazazi walipotangulia nilibaki na Walter kama mboni ya jicho. Alisomea usanifu wa majengo Nairobi. Sasa chuo kikuu kilikuwa kimefungua tawi karibu na boma letu upande wa Ndhiwa, na wanafunzi walikuwa wanalala kwenye vyumba vya mabati kama kuku. Akataka kuwajengea hosteli palepale, kwenye boma la baba.

Akanifundisha kusoma ramani. Huku juu vyumba vya kulala. Huku chini ukumbi wa kulia chakula, paa refu, ili moshi wa jikoni upande zake na usimtoe mtu machozi. Mstari mfupi ukiwa na kipande cha duara, huo ni mlango, na duara linakuonyesha unafungukia upande gani. Alinichorea mmoja kwa penseli, mkono wa kulia, bila rula, na mstari ukanyooka kama uzi wa fundi.

"Mwanafunzi anayekula peke yake chumbani ndiye anaugua na hakuna anayejua," akasema. "Kwangu kila mtu, akienda kula au akienda langoni, atapitia kolido moja. Watakutana tu, wapende wasipende."

Nikaifuata hiyo kolido kwa kidole. Kidole kikakwama katikati.

"Walter. Hapa si ndipo alipopitishwa baba mdogo?"

"Ndipo," akasema, kama mtu aliyeulizwa saa.

Wacha niwaeleze. Baba mdogo Nicanor aliuawa akitoka soko la Ogwedhi na fahali wake. Wanyang'anyi walimwambia aachie kamba. Mwenzake aliyeponea msituni alimsikia akipiga kelele kwa Kijaluo, "Ok anawe tol!" Maana yake, kamba siachi. Wakamkata shingo, bado ameshika. Wakamkata mkono wa kulia pale kwenye kifundo, wakaenda na fahali na kamba na mkono. Nicanor akaletwa nyumbani na trela ya miwa, mimi na Walter tukiwa watoto, tumesimama tunaangalia.

Kwetu mtu aliyeuawa njiani hapitishwi langoni. Ua unavunjwa upande wa nyuma, anaingizwa hapo, na pengo linazibwa siku hiyohiyo kabla mtu yeyote hajatia chakula mdomoni, ili kifo kisizoee njia. Siku ile mvua ilikuwa imetupiga, watu wana njaa. Wakala kwanza. Pengo likatupiwa miiba tu. Baadaye tukapanda ojuok, ile miti ya ua yenye maziwa yanayopofusha macho, na ikakauka. Tukapanda tena, ikakauka tena. Ojuok, jamani, ambayo hata ukiitupa jaani inaota!

"Sasa si ndiyo vizuri?" Walter akasema. "Nafasi iko wazi tayari, sing'oi mti hata mmoja. Na hewa inapita safi kabisa hapo."

"Hewa gani? Wewe utapitisha watoto wa watu hapo, wanaenda kula?"

Nilimtukana mpaka yule mama wa sketi akaondoka. Walter akacheka, akakunja ramani yake. Msinidanganye kwamba hakujua. Alijua mila ile kama nilivyoijua mimi. Aliona tu kwamba mchoro ni mzuri mno kuharibiwa na mambo ya wazee.

Na hosteli ilitoka nzuri, lazima niseme. Meza ndefu, madirisha makubwa, ukuta wa mawe kuzunguka boma zima. Binti yangu Emmah, mtoto wangu wa pekee, alipopata nafasi chuoni, Walter akampa chumba cha mwisho kinachopakana na kolido, eti mvua isimpate. Nikakataa. Emmah akalia, anko wake akamtetea, nikashindwa. Moyo wangu haukutulia tangu siku hiyo.

Aliyeanza ni Mayaka, mpishi. Mayaka alikuwa Mkisii mcheshi, Kijaluo hakijui zaidi ya kuitisha samaki. Siku hiyo alitoka stoo na nyama begani, akapita kolido, akaingia jikoni bila kumsalimia mtu. Wanafunzi walikuwa kwenye foleni na sahani zao. Akaweka nyama kwenye gogo, akaanza kukatakata. Halafu akaisukuma nyama kando, akalaza mkono wake wa kulia juu ya gogo, akashika shoka kwa wa kushoto. "Ok anawe tol," akasema. Akakata. Mara ya kwanza haikutosha. Akakata tena, na tena, anaangalia watu tu, halii. Damu iliruka mpaka kwenye sufuria ya maharagwe.

Emmah ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa wa tatu kwenye ile foleni. "Mama," akaninong'oneza, "amesema Kijaluo."

Sikufunga hata kibanda. Nilipanda bodaboda mpaka Ndhiwa, namwambia kijana akimbize, akimbize! Mtoto wangu hangelala pale siku nyingine. Nilimkuta Emmah anapakia nguo. Ilikuwa alasiri, lakini mvua ya ziwani ilikuwa imekuja nyeusi na stima zimepotea. Nikabeba sanduku. Tukatoka chumbani, na hapo ndipo nikauona ujinga wa ule mchoro. Kufika langoni ilikuwa lazima tupite kolido. Ndugu yangu hakuacha njia nyingine.

"Shika mkono wangu," nikamwambia. "Usiangalie pembeni."

Tukaingia. Mvua ikanyamaza, na paa lilikuwa la mabati. Nikasikia harufu ya ng'ombe, ng'ombe aliyelowa.

Emmah akasimama. "Mama. Kuna mtu amenishika."

"Mimi ndiye nimekushika."

"Huu mwingine," akanong'ona.

Nikavuta. Kikamvuta. Akapiga kelele ambayo bado naisikia. Niliona ngozi ya kifundo cha mkono wake wa kulia ikibonyea yenyewe, duara kamili, halafu ikapasuka. Nyama ikafunguka. Bega likatoka mahali pake, nikasikia likilia. Nilimng'ang'ania mtoto wangu kwa mikono na meno, nikimwita Mungu, nikimwita Walter, nikimtukana Nicanor na marehemu wote wa ukoo wetu. Miguu yetu ikaburuzwa kwenye sakafu. Kuelekea ukutani. Ukutani hapakuwa na kitu.

Walter akatokea upande wa jikoni na panga. Hakuuliza. Alikata pale hewani, katikati ya mkono wa Emmah na ukuta. Panga likakwama kwenye kitu. Akakata mara ya pili na tukaanguka wote, na damu ikamwagika kwenye ule ukuta mweupe, nyingi, na haikuwa ya Emmah wala yangu.

Mvua ikasikika tena.

Hospitalini walimshona Emmah, wakarudisha bega. Walter alikaa kwenye benchi, hanitazami.

"Naiziba, nyaminwa," akasema.

"Ita ukoo kwanza. Hiyo si kazi ya mtu mmoja."

"Ni mimi niliifungua."

Kulipokucha akawaondoa wanafunzi wote, akabaki na fundi mmoja, Dishon. Kabla ya kugusa simiti alichora mlango mpya kwenye ukuta wa ukumbi, mstari na kipande cha duara, ili baadaye Dishon avunje hapo watu wapate njia ya kwenda langoni. Kisha wakaanza kuziba kolido. Walter mwenyewe ndiye aliyepanga mawe. Kufikia adhuhuri likabaki jiwe moja la juu, na simiti ikawa kavu mno. Dishon akaenda kwenye tangi kuchota maji.

Tangi lilikuwa hapo nyuma tu. Dishon alimsikia Walter akiongea, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemwamkia mkubwa wake. "Baba, niachie nimalizie." Halafu mlio wa shoka kwenye mfupa. Dishon anaujua mlio huo, babake alikuwa muuza nyama.

Alirudi mbio. Walter alikuwa ameketi, ameegemea ukuta wake. Shingo imekatwa mpaka uti. Mkono wa kulia haukuwepo. Na jiwe la mwisho lilikuwa limeshawekwa juu, simiti yake mbichi, imesawazishwa vizuri.

Polisi walimshika Dishon, wakamwachilia, maana hakuwa na tone la damu na kila panga na shoka lililokuwepo lilikuwa safi. Walitafuta mkono kwenye majani, kwenye tangi, hata chooni. Waliambulia patupu.

Sasa sikieni kilichonivunja. Walter alikuwa mtu aliyeuawa. Hangeweza kupitishwa langoni. Gari la mochwari likasimama nje, na wazee wa ukoo wakazunguka boma lote wakitafuta ua wa kuvunja. Ua gani? Walter alikuwa ameung'oa wote, akajenga jiwe tupu, na nyuma ya jiwe pande zote kuna vyumba. Palikuwa na mahali pamoja tu.

Nikasimama mbele ya ule ukuta nimetandaza mikono. "Mtanipitia mimi kwanza! Amekufa akiuziba, nyinyi mnataka kuufungua?"

"Marcella," akasema mzee mmoja, pole pole. "Ukimpitisha langoni, utamzika nani baada yake? Una mtoto."

Nilimwangalia Emmah, mkono umefungwa shingoni. Nikaondoka hapo. Nilitembea mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Dishon akapiga nyundo. Mawe ya juu yakaanguka, simiti ikapasuka, na katikati kabisa ya ukuta tukaona vidole.

Nikapiga mayowe nikijua ni mkono wa Walter. Nikakimbia kuuchukua, ni wa ndugu yangu, nani mwingine auchukue? Ulikuwa na joto. Ulikuwa umeshika kamba ya katani, umeikaza, na kamba ilishuka ndani ya ardhi. Ndipo nikaona kidole kidogo. Kilikuwa kimepinda kwa nje. Fahali alimvunja Nicanor kidole hicho kabla mimi sijaanza shule, na sisi watoto tulikuwa tukikichezea.

Baba mdogo alikuwa ameoza miaka na miaka kaburini. Mkono wake ulikuwa unatoka damu.

Dishon akaivuta kamba. Ikavutwa kutoka chini, mara moja, kwa nguvu, akapiga magoti. Halafu ikalegea. Ikatoka yote, na mwisho wake ulikuwa umelowa.

Tulifanya kila kitu jinsi inavyotakiwa. Mkono ukazikwa kwenye kaburi la mwenyewe, Nicanor. Walter akaingizwa, akazikwa, na pengo likazibwa kabla chakula hakijapakuliwa. Mimi nilisimama kwenye sufuria na mwiko, na binamu mmoja aliyejaribu kuonja nyama nilimpiga nao mdomoni. Ojuok iliyopandwa hapo sasa imeshika. Imefika kifuani. Baba mdogo amepata chake, ametulia.

Aliyebaki ni Walter. Tulimzika bila mkono wa kulia, na mpaka leo haujaonekana.

Hosteli imefungwa. Emmah nimemleta hapa Awendo, tunalala chumba kimoja, kitanda chake kwenye ukuta wa ndani na changu mlangoni. Siku moja asubuhi nikitandika nikaona alama ya penseli ukutani, juu ya mto wake. Mstari mfupi na kipande cha duara. Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi.

Nilifikiri ni Emmah na mawazo yake. Lakini mkono wake wa kulia hauwezi hata kushika kijiko, ile kamba ilikata mishipa. Nikasugua na sabuni. Ukarudi. Nikapaka rangi, nikachoma kila penseli iliyokuwa ndani ya nyumba. Ukarudi, safari hii mkubwa kuliko mwanzo, wa kutosha mtu.

"Mama," Emmah akaninong'oneza, "duara liko upande wetu. Unafungukia ndani."

Namjua ndugu yangu, hawezi kumdhuru mtoto huyu. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini hata Nicanor alikuwa akitubeba mgongoni.

Leo asubuhi umeongezwa kitasa.