Pua ya Mpiga Ngoma

Ukimsikiliza Asibi, muuza wali na maharage wa pale njia panda, Memunatu alimng'ata mumewe pua. Anasema alisikia kwa masikio yake mawili: kwanza mngurumo kama wa simba, kisha kimya, kisha mtu anatweta kama aliyeopolewa kisimani, na kulipokucha Issahaku akatoka nje na kidonda juu ya pua. "Mume kataja habari ya mke wa pili," Asibi akawaambia wateja wake huku akipakua, "na mke kajibu kwa meno." Akaongeza kwamba chumbani mwao kuna hatamu ya punda, ameiona imetundikwa ukutani, na kwamba Issahaku hufungwa hiyo hatamu kila akilala asije akatoroka.

Ndugu zangu, tumwache Asibi na sufuria yake, tuingie wenyewe katika ua ule. Asibi ni jirani yake Issahaku, tena binamu yake, mtoto wa shangazi, na kwao binamu wa namna hiyo ni mtani. Akikuzulia jambo huna ruhusa ya kukasirika. Lakini utani una miguu. Ukishatoka nyumbani hauulizi njia.

Ulikuwa ua wa amani. Asubuhi Memunatu hukaa na wanawake wenzake, kila mmoja na beseni lake, wakikoroga kwa mikono rojo ya kokwa za mti wa shea mpaka igeuke nyeupe na mafuta yajitenge. Upande wa pili, penye kivuli, Issahaku huketi na ngoma yake ya kwapani, ile yenye kiuno chembamba na kamba za ngozi kuizunguka, akiisemesha. Ukoo wao ni wapiga ngoma wa chifu. Kazi yao si kuchezesha watu tu. Wao ndio watunzaji wa majina ya machifu waliotangulia, nao huyataja kwa mdomo na kwa ngoma mbele ya watu wote, baba baada ya baba. Kumruka mmoja ni kumtukana chifu aliye hai.

Amani ile iliharibika siku ya kumpa jina mjukuu wa chifu. Issahaku alikuwa anataja, ngoma inaitika, watu wanatikisa vichwa kwa raha, mara macho yakajifumba. Alisinzia akiwa amesimama. Alipozinduka akaendelea na jina alilodhani ndilo linalofuata, kumbe babu yake chifu amekwisha kurukwa kama dimbwi la maji. Watu wakashika midomo. Mzee Zakari, mkuu wa wapiga ngoma, akamwita kando. Hakugomba. Alimkumbusha tu kwamba sherehe za Damba, sikukuu kubwa ya machifu wao, zinakaribia na wageni watatoka kila upande; akisinzia tena, mdogo wake Abukari atasimama mahali pake, na ngoma ya chifu haitarudi kwapani mwake.

Wengine walisema ni uvivu, wengine wakasema amerogwa. Memunatu aliyelala naye chumba kimoja alijua zaidi. Alikuwa akimsikia mumewe anakoroma, kisha pumzi inakatika kabisa, kisha mwili unashtuka na kuivuta tena kwa nguvu. Ndiye aliyemsihi waende hospitali kubwa ya mjini Tamale. Wakampima, wakasema koo lake hujifunga akilala, hivyo analala usiku mzima na kuamka amechoka kuliko alivyojilaza. Ndugu yake Issahaku aliyeko mji wa Kumasi akamnunulia mashine ya kumpulizia hewa. Hewa hupita kwenye mpira mrefu mpaka kwenye barakoa inayofunika pua, na barakoa hushikwa kichwani kwa mikanda. Basi hiyo ndiyo hatamu ya punda ya Asibi.

Mwanzoni Issahaku aliamka na macho maangavu, akataka uji mara mbili. Nyumba nzima ikafurahi. Lakini barakoa ilikuwa ikivuja hewa pembeni na kumpuliza machoni, naye akafanya kile ambacho mpiga ngoma yeyote angefanya: akakaza kamba. Memunatu alipomuuliza kama si nyingi mno, alimjibu kwamba yeye amezaliwa kwenye kamba, hafundishwi kamba na mtu. Sauti ikilegea, unabana. Ndivyo alivyofunzwa na baba yake.

Ngozi ya juu ya pua ikawa nyekundu, kisha ikachubuka. Hapo Memunatu naye, tuseme kweli, akatia kosa lake. Katika ua ule mafuta ya shea ni jibu la kila swali. Mtoto mchanga anakandwa nayo, visigino vilivyopasuka vinapakwa, hata ngozi ya ngoma ikikauka inapewa. Basi kila jioni alimpaka mumewe pua mpaka ikang'aa kama sahani iliyooshwa. Na barakoa ikikutana na mafuta itakaa wapi? Iliteleza huku na huku, hewa ikavuja zaidi, Issahaku akakaza zaidi, kidonda kikazidi, Memunatu akaongeza mafuta. Mke na mume walikuwa wakisaidiana kuchimba shimo moja.

Mwisho Issahaku akaivua barakoa, akaitundika ukutani kando ya ngoma za marehemu baba yake, akasema heri usingizi mbaya kuliko pua mbovu. Kukoroma kukarudi, kusinzia kukarudi. Alisinzia kwa kinyozi, akasinzia mkono ukiwa ndani ya bakuli la ugali. Na kwa kuwa maneno ya Asibi yalikwisha kufika sokoni, kila alipopita walimuuliza kama leo meno yamelala. Akaona haya kurudi hospitali na ile pua. Memunatu hakugombana na mtu. Alikoroga shea yake na kutazama. Alitazama jinsi alama za mikanda zilivyobaki mashavuni mwa mumewe tangu enzi za kuivaa, na alitazama Damba ikikaribia.

Siku moja Issahaku alikuwa anawafundisha watoto wa kaka yake. Akawaonyesha jinsi ya kubana kamba kwa mkono ili ngoma ipandishe sauti, na jinsi ya kuziachia mara moja. Memunatu akafuta mikono, akasogea.

"Mume wangu, niulize neno la kijinga?"

"Uliza. Leo sina usingizi sana."

"Ngoma ukiibana hivyo usiku kucha bila kuiachia, inakuwaje?"

Issahaku akacheka. "Mke wa mpiga ngoma, miaka yote hii, unauliza hilo? Ngozi inapasuka."

"Na ngozi ya pua je?"

Watoto wakatazamana. Issahaku akaishusha ngoma polepole, akajigusa pua, akamtazama mkewe kama mtu aliyeshikwa na mkono mfukoni mwa mwenzake. Kisha akaanza kucheka mwenyewe, kicheko cha tumboni. Asubuhi yake walikwenda hospitali, Issahaku amejifunika uso kwa kitambaa mpaka walipopita njia panda.

Nesi Ayampoka hakuwakemea. Alimlaza Issahaku kitandani, akawasha mashine, akamvalisha barakoa akiwa amelala vilevile, maana uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyesimama. Akailegeza mikanda mpaka kidole kikapita chini yake. Bado ikavuja. Akasema hii ni kubwa kwake, tangu mwanzo hakupimwa vizuri, na barakoa kubwa haiponi kwa kukazwa. Halafu akapitisha kidole kwenye ukingo wa barakoa, akakiangalia kinavyong'aa.

"Nani kaikaanga hii?" akauliza.

Memunatu akainamisha kichwa. "Ni shea, nesi. Nzuri kabisa, ya mikono yangu."

"Sina shaka na uzuri wake. Mpake miguu, mpake mgongo. Pua ikienda kulala iende imeoshwa, na kavu."

Wakacheka wote watatu. Nesi akamtafutia barakoa ya namna nyingine, ndogo, yenye vijimto viwili laini vinavyokaa chini ya matundu ya pua, isiyogusa kabisa pale penye kidonda. Akawaagiza waioshe kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, waweke maji safi kwenye kitangi cha mashine ili pua isikauke ndani, na kidonda kikichelewa kupona warudi, wasijitibu. Tena akamwambia Issahaku aizoee mchana, ameketi, akisikiliza redio.

Ndivyo Asibi alivyomkuta. Alikuja kuazima beseni, akamwona binamu yake kibarazani ana mpira puani, anasikiliza habari za mpira wa miguu. Akarudi nyuma hatua mbili. Kisha udadisi ukamshinda. Aliigusa mikanda, akasikiliza hewa, akauliza kila kitu, na Memunatu akamjibu kila kitu bila kumkumbusha habari ya meno.

Damba ilipofika, Issahaku alisimama mbele ya chifu akiwa amevaa joho lake la kufumwa, pua nzima, imebaki na kovu dogo tu. Mzee Zakari alikaa karibu, na Abukari nyuma yake akiwa tayari na ngoma. Memunatu alisimama na wanawake, ameshika ncha ya kitambaa chake. Majina yakaanza. Yakaenda bila kukwama, baba baada ya baba, mpaka pale alipopotea safari ile. Hapo Issahaku akaachia kamba, akanyamaza pumzi moja, na Memunatu akafumba macho. Kisha ngoma ikamtaja babu yake chifu kwa majina yake yote ya sifa. Chifu akatikisa mkia wa farasi alioushika. Abukari akashusha ngoma yake, naye akawa wa kwanza kushangilia. Asibi akapenya katikati ya watu akambandika binamu yake noti kwenye paji la uso, kama ilivyo desturi, na kidole chake kikashuka mpaka kwenye pua.

"Nahakikisha kama ipo," akasema.

FUNZO LA KUSHIKA

Ndugu msomaji, dawa isiyokukaa vizuri usiitupe, wala usiilazimishe kwa nguvu. Irudishe kwa aliyekupa, mwambie inapouma. Si kila kinacholegea dawa yake ni kukazwa, na si kila kidonda dawa yake ni mafuta ya nyumbani, hata yawe mazuri namna gani. Nawe jirani, ukisikia mngurumo chumbani kwa mwenzio, kabla hujaupeleka sokoni, bisha hodi. Mtu anayekoroma na kukatika pumzi si wa kuchekwa tu. Ni mgonjwa anayehitaji kupimwa.

Asibi amelielewa funzo hili kwa namna yake. Mchana mmoja, baada ya swala, alikuja tena uani bila beseni wala mzaha. Memunatu alikuwa mtoni anaosha kokwa. Asibi akasimama nje ya pazia la chumba, akakohoa.

"Issahaku, binamu yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mume wangu naye anakatika pumzi. Mimi hanisikii, anasema ni maneno yangu ya wali na maharage. Nakuomba, uende ukazungumze naye wewe."

Ndani, hewa ilipita taratibu kwenye mpira. Issahaku alikuwa amelala, hakoromi.