Aliyeshikiliwa Geti

Mchana ule wa Novemba ulianza kama mchana mwingine wowote. Katika baa ya Mbweha mbwa alikoroma mbele ya moto, na Gilbert Luscombe akakata pai kwa kisu chake cha mfukoni, nusu yake, nusu ya rafiki yake Denzil Yeo.

"Kula, twende zetu," akasema.

"Haraka ya nini? Mguu wako na kobe ni ndugu," Denzil akamtania.

Kila Novemba walitembea kutoka Mbweha hadi Jembe, baa ya kijiji cha pili, wakikata mashamba. Zamani walikuwa watatu. Mwaka jana Gilbert alilala na homa, wakaenda wawili: Denzil na Royston, mdogo wake Gilbert. Asubuhi yake mchunga kondoo alimkuta Royston kando ya geti la bondeni, amekufa kwa baridi, kucha zimeng'oka. Denzil aliapa mbele ya watu kwamba Royston alilewa, akageuka kurudi nyumbani. Basi, akazikwa.

Kucha zile ndizo zilizomnyima Gilbert usingizi. Mtu anayerudi nyumbani hang'oki kucha. Ndiyo maana alimwomba Denzil watembee tena. Alitaka kitu kimoja tu: ukweli, utoke kinywani mwa Denzil mwenyewe.

Ukungu uliwapokea bondeni. Tope likawanyonya buti. Geti lilipoonekana, Denzil aliacha utani, akaongeza hatua.

"Ndipo hapa?" Gilbert akauliza.

"Pita tu, bwana. Baridi."

Kwao, anayetangulia humshikilia geti anayefuata. Mtoto huijua adabu hiyo kabla hajajua kufunga viatu. Denzil alipita bila kugeuka, akaliachia limbamize mwenzake. Gilbert akalidaka, akapita. Ndipo aliposikia tope likifyonza nyuma yake. Hatua. Nzito, za mtu aliyechoka. Mkono wake ukafanya ulichozoea kabla akili haijauliza: ukashikilia geti.

Hakuona mtu. Ubavu wake mmoja ulipoa. Kukanuka koti la sufu lililolowa.

Kisha hatua zikampita, zikamfuata Denzil.

Huko Jembe buti za tope huachwa barazani. Walivua, wakaingia na soksi. Hilary, mwenye baa, ambaye kwake kila mtu ni mpenzi, akajaza glasi tatu bila kuulizwa.

"Tuko wawili," Denzil akasema.

"Usinichezee, mpenzi. Mwenzenu si yule pale, maskini, anatetemeka." Hilary akageukia moto. Kiti kilikuwa kitupu.

Kilikuwa kimelowa.

Denzil aliketi kama gunia lililotupwa. Midomo yake haikuwa na rangi.

"Sema," Gilbert akanong'ona.

"Ulikuwa utani, Gil."

"Sema."

"Alibaki nyuma kukojoa. Nikalifunga geti. Ile kamba ya kufungia majani ya ng'ombe, kila mkulima anayo mfukoni. Fundo langu. Nilitaka ahangaike kidogo, tucheke. Alikuwa amelewa, hawezi kupanda."

"Aliita?"

"Aliita. Nikamwambia, utafungua mwenyewe. Nikaja hapa, nikaagiza mbili. Yangu na yake."

"Na yake?"

Denzil akatazama sakafu. "Povu lilikuwa linaisha. Nikainywa."

Kuni zikalia motoni.

"Kulipokucha nikaenda kuikata kamba," akasema. "Alikuwa ameshakakamaa. Nikamwacha vilevile, wengine wamkute."

Gilbert alikuwa ameupata ukweli aliokuja kuutafuta. Ulikuwa mchungu kuliko kutoujua. Akatazama meza. Glasi ya tatu ilikuwa tupu. Hakuna aliyeigusa.

Denzil akaruka, akakimbilia barazani. Gilbert akamfuata.

Buti za Denzil zilikuwa zimefungwa pamoja. Kamba ya rangi ya machungwa, ile ya kufungia majani. Fundo lake mwenyewe. Limeganda barafu, na siku ile barafu haikuwepo popote.

Denzil akapiga magoti. Akachokonoa. Ukucha ukavunjika. Akachokonoa tena.

"Gil. Kisu chako. Nipe kisu."

Gilbert akavaa buti zake taratibu. Kisu kilikuwa mfukoni. Alikihisi pajani.

"Utafungua mwenyewe," akasema.

Akashika barabara ya lami. Denzil aliita. Aliita mpaka Gilbert alipopinda kona.

Denzil hakufika kwake usiku ule, wala kesho yake, wala hadi leo. Hilary alizikuta buti barazani, bado zimefungwa, fundo lina damu. Kwenye tope nyayo za soksi zilielekea bondeni. Kando yake, bega kwa bega, nyayo za buti. Zote ziliishia getini.

Gilbert bado hupita njia ile, peke yake. Siku hizi hamshikilii mtu geti. Hupita, huliachia, kisha husimama na kusubiri libamize.

Halibamizi.