Zebaki ya Mwabugoma

Kompyuta kuu ya darasa ilikuwa imeibwa. Kioo cha dirisha la nyuma kilikuwa kimevunjwa, vipande vimetapakaa nje kwenye majani. Kimoja kilikuwa na damu.

Inspekta Limi Magesa wa upelelezi, Geita, aliviangalia, kisha akamgeukia mwalimu, Sameer.

"Kioo kimevunjwa kutokea ndani. Mwizi aliingia kwa ufunguo. Nani anao?"

"Mimi, Afande, na Maganga, kiongozi wa darasa," alijibu Sameer.

Darasa lilikuwa ndani ya hospitali moja ya binafsi. Wahitimu wa vyuo walifundishwa humo sayansi ya data ili wapate kazi katika sekta ya afya: kuchambua takwimu za wagonjwa na kuona ugonjwa unakoelekea.

"Kompyuta ilikuwa na nini?"

Mwanafunzi mmoja, Paskalia, alisogea. "Takwimu za wajawazito, Afande. Majina tuliyaondoa. Leo tulikuwa tuwaonyeshe viongozi wa afya tulichokiona. Mimba zinaharibika mno Mwabugoma, kule wanakokamatia dhahabu kwa zebaki."

"Nani hapa ni mwenyeji wa huko?"

Paskalia aliinamisha macho. "Maganga. Makarasha ya kusagia mawe ni ya baba yake."

Jioni, Maganga aliketi mbele ya Limi kituoni. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Buseresere, kwa shemeji."

"Simu yako ilikuwa hapa mjini. Mkono umefanya nini?"

"Nilijikata na panga."

"Damu ya kwenye kioo inakwenda maabara. Tusubiri majibu, au unasema?"

Maganga alikitazama kitambaa.

"Kompyuta nimeitupa kwenye duara la zamani, lile shimo la machimbo lililojaa maji."

"Ulikuwa unamlinda baba yako?"

"Karasha ndilo lililonisomesha, Afande. Nilijua watalifunga. Halafu nikamwona Esta kwenye takwimu."

"Esta ni nani?"

"Mke wangu. Jina halikuwepo, lakini umri ni wake, kitongoji ni chetu, na mimba mbili zilizotoka ni zetu. Yeye ndiye anayechoma dhahabu ili zebaki itoke kwa moshi, jikoni kwetu. Kazi hiyo nilimpa mimi. Mama anamwambia ana mkosi, nami nimenyamaza. Ningesimama mbele ya wale wakubwa niseme nini?"

"Ukaona bora wasijue."

"Ndiyo."

"Hospitali ilikuwa na nakala. Sameer amewaonyesha mchana."

Maganga alijifunika uso kwa mkono wa kushoto. Limi aliendelea kuandika maelezo ya onyo, kisha akasita.

"Esta yuko wapi sasa?"

"Nyumbani."

"Anafanya nini?"

"Anachoma, Afande. Baba ana mzigo wa kuuza kesho. Ana mimba ya miezi minne."

Limi aliweka kalamu chini. Maelezo yalikuwa hayajasainiwa.

"Nitajie namba yake," alisema, akatoa simu mfukoni.