Maji ya Kujaza Kibofu

Jumanne, tarehe 13 Agosti 1996, saa nne na dakika kumi asubuhi, Daktari Elieth alimpa Sikudhani kikombe cha maji, na kabla hakijafika nusu kibofu chake kilikuwa kimejaa.

Elieth akapima upya. Kwa kawaida mtu hunywa lita nzima na kukaa kwenye benchi akibana mkojo mpaka akunje uso, ndipo kibofu kionekane vizuri kwenye altrasaundi: duara jeusi, kwa kuwa maji hayarudishi mwangwi. Sikudhani, fundi cherehani wa Chang'ombe aliyekuja na maumivu ya kiuno, alikuwa amepiga mafunda machache tu.

"Nenda kakojoe, dada, kisha tuangalie figo."

Alirudi amejishika tumbo. "Hautoki, daktari. Hata tone."

Elieth akamwekea mpira wa mkojo. Mkojo haukutoka. Ilitoka harufu ya udi.

Daktari Cornel, aliyeacha kazi serikalini na kufungua kliniki hiyo mara tu watu binafsi waliporuhusiwa kutoa tiba, alichungulia mlangoni. "Usiisingizie mashine yangu. Mpya hiyo, imetoka Dubai."

"Mashine haina tatizo. Nusa."

Cornel akanusa. "Maji ulimpa ya wapi?"

"Ya ule mtungi wa kona. Bomba halitoi tangu juzi."

"Mtungi wa mwenye nyumba? Si alisema usiguswe?"

"Alikuambia wewe. Mimi hukuniambia."

Mwenye nyumba, Mzee Mbaruku, aliitwa, akafika baada ya swala ya adhuhuri. Wakati huo katikati ya kila figo, pale mkojo unapokusanyika, palikuwa pamefunguka weusi mpana, na mirija miwili ya kushuka kibofuni, ambayo ikiwa mizima huwezi kuiona, ilikuwa imevimba unene wa kidole. Elieth alijua maana yake. Figo zikisukumwa hivyo hufa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Maji aliyoyaweka babu yangu mmeyafanyaje?"

"Niliyachemsha kwanza," Elieth alisema kwa sauti ndogo. "Kwa usalama."

Mzee alimtazama. "Ulidhani jini ni amiba, binti?"

Akaanza kusoma dua. Elieth alishikilia kichwa cha mashine juu ya tumbo la Sikudhani, na ndani ya ule weusi akaona kitu cheupe kimejikunja, kitu ambacho kila alipopeleka mkono kulia nacho kiligeukia kulia, na kila alipourudisha nacho kilirudi, mpaka kikaacha kuufuata mkono, kikapanda juu taratibu, kikajibana pale pale alipogusa, naye akahisi kupitia ile jeli ya baridi aliyompaka kwamba kuna kinachosukuma kutoka upande wa pili.

Midomo ya Sikudhani ilifunguka. Sauti ilikuwa ya kiume, kavu.

"Nani kanichemshia nyumba?"

Cornel, aliyesimama mlangoni, alimtazama Elieth.

"Rudi mtungini," Mzee Mbaruku alinong'ona. "Tutakujazia mapya."

"Sirudi. Nimeona nyumba nyingine. Ina giza, na kila siku watu wanakuja kwangu wamebeba maji matumboni."

Sikudhani alipiga yowe, mkojo ukamwagika, ukalowesha kitanda na kuchuruzika sakafuni mpaka miguuni pa Cornel. Kwenye skrini kibofu kikanywea, kikabaki bapa. Figo zikaanza kupungua. Sikudhani alilia, akacheka, akaomba apelekwe kwao.

"Katoka," alisema Mzee. Lakini alikuwa akitazama kuta.

Kesho yake asubuhi Elieth aliwahi kazini kuliko wote, akajifungia katika chumba cha picha na kuiwasha mashine. Kichwa cha mashine kilining'inia kwenye ndoano, hakijagusa mwili wa mtu, lakini katikati ya skrini lilikuwapo duara jeusi limejaa pomoni, na ndani yake kile cheupe, ambacho sasa hakikuwa na mkono wa kuufuata, kiligeuka polepole kikamwelekea yeye mwenyewe. Akachomoa plagi. Picha haikuzimika.

"Dokta," Cornel aliita kutoka barazani, mwenye furaha, "bomba limefunguka. Watu wamejaa, nimeshawanywesha wote."

Elieth alitoka mbio, akipokonya kikombe kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vitupu.

"Fanya haraka, binti," alisema Mzee Nikodemo, wa kwanza kwenye foleni, amebana mapaja. "Mwenzio nimejaa."

Elieth akaufunga mlango wa chumba cha picha nyuma yake, akauegemea kwa mgongo.

"Nendeni mkakojoe," aliwaambia. "Wote. Sasa hivi, wakati bado mnaweza."