Maili za Bibi Mal-sun

Kila siku akitoka shule, Da-on alipitia sokoni kwa bibi yake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kazi yake: kusoma simu. Bibi Mal-sun alikuwa fundi wa kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, anayejulikana mji mzima wa Jeonju, lakini mikono yake ilishinda kwenye pilipili na chumvi, na macho yake hayakupatana kabisa na herufi ndogo. Ujumbe ukiingia, alipaza sauti tu, "Nini hicho, mwanangu?" na Da-on akasoma, akajibu, akabonyeza. Namba ya siri ya bibi aliijua kama jina lake mwenyewe.

Kwa miaka kumi na moja bibi alinunua kabichi na pilipili zake kwa kadi moja tu, kadi ya benki iliyompa maili za ndege, yaani alama za kulipia tiketi, kila alipolipa. Hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Maili hizo alizidunduliza kwa ajili ya safari moja ya kwenda Los Angeles kwa dada yake, Mal-ja, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka kumi na tisa. Sasa macho ya Mal-ja yalikuwa yanafifia. "Nitakwenda angali ananiona," bibi alisema kila mara. Mwezi uliopita maili zilitosha tiketi ya kwenda na kurudi.

Kisha shirika lake la ndege likamezwa na shirika kubwa zaidi. Jumanne ujumbe mrefu ukaingia. Rafiki zake Da-on walikuwa wamesimama nje wakimwita waende kula tteokbokki, keki za mchele zenye pilipili, kabla hazijaisha. Akaona kitufe kilichoandikwa "Nakubali yote", akakibonyeza, akaweka namba ya siri.

"Nini hicho?" bibi aliuliza.

"Matangazo tu, Bibi!" alijibu huku akikimbia.

Alhamisi bibi alipotaka kukata tiketi, maili hazikutosha. Kumbe ujumbe ule ulimtaka achague: abaki na maili zake za zamani kwa bei za zamani, au azibadilishe ziwe za shirika jipya, na "Nakubali yote" ndiyo iliyozibadilisha. Na waliobadilisha walipunjwa. Maili za waliopanda ndege zilihesabiwa zote, lakini za kadi zilikatwa karibu robo.

"Yaani za mtu aliyesinzia kwenye kiti ni nzima, zangu mimi niliyevunja mgongo juu ya kabichi ni mbovu?" Bibi aliwaka. "Na mimi sikuchagua kitu! Kesho nakwenda benki, watanieleza."

Jioni wakiosha vyombo Da-on alimweleza kaka yake, Tae-yul, alichokifanya.

"Funga domo," Tae-yul alisema. "Bibi ni mzee. Atadhani kabonyeza mwenyewe, yataisha."

"Na safari yake?"

"Utamlipia ukishakuwa daktari, mheshimiwa." Akacheka. Da-on hakucheka, lakini domo alilifunga.

Kesho yake baada ya shule alimsindikiza bibi benki. Karani, kijana aliyevaa tai, alitazama kompyuta yake.

"Mama, hapa inaonyesha ulikubali. Jumanne, saa kumi kasoro dakika tano."

"Sikukubali. Saa hiyo nilikuwa na kabichi mia mbili mbele yangu."

"Imetoka kwenye simu yako, kwa namba yako ya siri." Karani alitabasamu kwa upole. "Labda umesahau, Mama. Kwa umri wako ni kawaida."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. "Bi mkubwa, nenda kapumzike nyumbani. Wengine tuna kazi!"

"Na mimi nina kazi, tena tangu hujazaliwa!" bibi alimgeukia. "Sitoki hapa." Kisha akamwinamia Da-on, akamnong'oneza, "Mwanangu, au kweli nimesahau?"

Hapo Da-on hakuweza tena.

"Hajasahau!" alipaza sauti hadi foleni nzima ikageuka. "Nimebonyeza mimi! Sikusoma, halafu nikamdanganya kuwa ni matangazo. Bibi yangu kichwa chake ni kizima!"

Karani alikunja uso. "Mdogo wangu, kutumia namba ya siri ya mtu mwingine ni kosa. Unajua?"

"Najua. Andika. Andika Kang Da-on, darasa la sita. Lakini usithubutu kuandika kwamba bibi kasahau."

Karani alimwita mkuu wake, Bi Seo, mwanamke wa miwani asiyependa maneno mengi. Bi Seo aliusoma ule ujumbe mrefu wote, mstari kwa mstari.

"Uchaguzi huu lazima aufanye mwenye kadi mwenyewe," alisema mwishowe. "Ukifanywa na mwingine, mwenye kadi ana wiki mbili za kuukataa. Mama, unaukataa?"

"Naukataa!"

"Basi saini hapa. Na namba ya siri unabadilisha leo hii. Haigawiwi, hata kwa mjukuu. Mtoto asingesema, tungefunga jalada na maili zako zingekwenda."

"Na huyu?" Bibi alimwonyesha karani kwa kidevu. "Aliyesema nimezeeka akili?"

Karani aliinama, akaomba radhi mbele ya foleni nzima.

Jumatano iliyofuata maili zilirudi zote. Da-on alisoma masharti ya tiketi kwa sauti, neno kwa neno, dakika arobaini, na mara hii bibi akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akamtazama mjukuu wake bila kutabasamu.

"Maili zingepotea, ningelia wiki moja nikaanza upya," alisema. "Lakini pale benki nilianza kuogopa kichwa changu mwenyewe, Da-on. Kwa hilo nisingepona. Ukimya wako ndio ulionitia hofu ile, na ukweli wako ndio ulioniondolea. Kosa lako libebe mwenyewe, hata watu wote wakikutazama. Usimwachie mwingine, mwanangu, maana huyo hajui hata anabeba nini."